Fomu za mtandaoni zisikatae majina yetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wasomaji, na zaidi wale wanaolipia mifumo ya kompyuta kwa niaba ya umma, jambo ambalo mimi na wenzangu tunaotengeneza fomu za mtandaoni hapa Mwanza tumelifanya vibaya kwa miaka mingi huku lawama ikimwangukia anayejaza.

Mwezi uliopita nilimsindikiza shangazi yangu, mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, hadi kwenye steshenari moja ya upande wa Pasiansi, ili kikundi chao cha akina mama kumi kijisajili katika mfumo wa taasisi moja inayokopesha vikundi. Ukoo wetu ni wa Kisukuma, na jina la shangazi linaanza na Ng'w, kama linavyoanza jina la marehemu Ng'wanamalundi ambaye watoto wa Kanda ya Ziwa tumekua tukisimuliwa habari zake. Kijana wa steshenari aliliandika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa, akabonyeza kitufe cha kutuma, na ukurasa ukarudi mtupu, visanduku vyote kumi na vinne vimefutika, juu yake mstari mmoja mwekundu wa Kiingereza uliosema kwamba jina si sahihi. Akaandika upya, ukarudi vilevile. Shangazi akanigeukia akaniuliza, "Baba, hii mashine inasema jina nililopewa na bibi yangu si jina?" Kijana, ambaye ilionekana wazi kuwa jambo hilo halikuwa geni kwake, akamjibu kwa upole, "Mama, hiyo alama ya juu hawaitaki. Tuitoe tu, huwa tunaitoa kwa watu wote." Wakaitoa, fomu ikapita, tukalipa shilingi 3,000 tukaondoka.

Nilinyamaza njia nzima, kwa sababu mwaka 2015 niliandika fomu ya namna hiyohiyo kwa mikono yangu. Ilikuwa ya kupokea maombi ya wanafunzi wa shule moja, na kanuni niliyoiweka ya kuhakiki jina ilikuwa nimeinakili mtandaoni bila kuifikiria: herufi A hadi Z, basi. Msukuma niliyezaliwa Misungwi nikaandika kanuni inayokataa majina ya nusu ya ukoo wangu, na sikuligundua kosa hilo mpaka mwalimu wa taaluma aliponipigia simu kuuliza kwa nini orodha yake ina akina Ngwana wengi ambao vyeti vyao vya kuzaliwa havisemi hivyo.

Kwa msomaji asiyeijua kazi hii, nieleze kidogo. Fomu nyingi anazozijaza mwananchi hazitungwi kuanzia sifuri. Hujengwa juu ya fremuweki, yaani kifurushi cha programu zilizokwisha kuandikwa na kujaribiwa na watu wengi, ambacho hukaa kwenye seva, yaani kompyuta inayohudumia tovuti, na kufanya kazi ya kuchora visanduku, kupokea kilichojazwa, kukihakiki na kukipeleka kwenye kanzidata, yaani ghala la taarifa. Zinazotumika sana ni Laravel na Symfony kwa wanaoandika lugha ya PHP, Django kwa wanaoandika Python, na Rails kwa wanaoandika Ruby. Huenda likakufurahisha, Mhariri, kwamba Django ilizaliwa katika chumba cha habari: waliianza mwaka 2003 watengenezaji wa programu wa gazeti la Lawrence Journal-World, katika mji wa Lawrence, jimbo la Kansas huko Marekani, wakifanya kazi kwa muda mfupi ule mnaoujua ninyi wa magazeti, na ikatolewa kwa umma Julai 2005.

Fremuweki ni kama suti ya mtumba. Imeshonwa vizuri, kitambaa chake ni imara, na kwa bei yake huwezi kushona mpya. Lakini imekatwa kwa mwili wa mtu mwingine, na mwenye akili huipeleka kwanza kwa fundi cherehani wa Makoroboi apunguze mabega na kurefusha mikono. Tunachokifanya sisi ni kumvika mwananchi ikiwa hivyohivyo, kisha kumlaumu kwamba mabega yake ni membamba. Jambo la kusikitisha ni kwamba hizi fremuweki zenyewe zimeacha nafasi kila mahali za kupunguza na kurefusha. Kila kisanduku kinaweza kupewa kanuni yake, ujumbe wake wa kosa, maelezo yake ya chini na sura yake, na waliozitunga wametumia miaka mingi kuzirahisisha nafasi hizo. Django 5.0 iliyotoka Desemba 2023, kwa mfano, inamwezesha mtengenezaji kuandika mara moja tu namna lebo, maelezo, kisanduku na kosa lake vinavyopangwa pamoja, na mpangilio huo ukatumika kwa visanduku vyote. Symfony kwa upande wake ilikuwa na mandhari za fomu, zinazofanya kazi kama hiyo, muda mrefu kabla ya hapo.

Nirudi kwenye ritifaa, yaani ile alama ya juu (') iliyomo katika jina la shangazi, maana hapo ndipo penye uzito. Kwa nini alama ndogo hivyo ikataliwe? Asili yake ni woga wa zamani, na woga huo ulikuwa na sababu. Katika lugha ya kuulizia kanzidata, ritifaa ndiyo inayofungua na kufunga maneno, kwa hiyo programu iliyounganisha kizembe jina la mtu na amri ya kanzidata ingeweza kudanganywa: mtu mbaya akaandika ritifaa kwenye kisanduku cha jina, akafuatisha amri yake mwenyewe, na kanzidata ikaitii. Walimu wetu wakatufundisha kuikataa alama hiyo mlangoni. Lakini fremuweki zote nilizozitaja, ukizitumia kama zilivyokusudiwa, hutuma amri upande wake na data upande wake, hivyo jina lenye ritifaa haliwezi kugeuka amri hata likitaka. Anayeikataa leo anamkataa shangazi yangu kwa kosa la mwizi ambaye mlango wake ulikwisha kufungwa.

Kuna na upande wa pili wa alama hiyohiyo, ambao watu wengi wamekutana nao bila kujua ulitoka wapi. Fremuweki inapoonyesha jina kwenye ukurasa huigeuza ritifaa kuwa msimbo salama ili isivuruge ukurasa, na kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, huusoma msimbo huo na kuonyesha ritifaa kama kawaida. Sasa akitokea mtengenezaji ambaye haiamini fremuweki yake, akaigeuza yeye mwenyewe kabla ya kuhifadhi, jina hugeuzwa mara mbili, na kwenye cheti hutoka Ng'wanamalundi. Nimeona cheti cha mafunzo chenye maandishi ya namna hiyo kimewekewa fremu na kutundikwa ukutani, na mwenyewe aliniambia kwa utani kwamba ile ni shahada ya kompyuta.

Tena ritifaa si moja. Ile ya kibodi ya kompyuta imesimama wima, ile ambayo baadhi ya simu huiweka zenyewe imepinda, na wapo wanaotumia alama ya mkato wa nyuma (`) kwa sababu ndiyo waliyoiona kwanza. Kwa jicho la mtu majina hayo matatu ni jina moja; kwa kompyuta ni majina matatu, na aliyesajiliwa kwa simu hatapatikana atakapotafutwa kwa kompyuta ya ofisini. Dawa yake ni mistari mitatu ya programu inayozigeuza zote kuwa ile moja kabla ya uhakiki kuanza. Django ina mbinu ya to_python ya kila kisanduku kwa kazi hiyo, Laravel ina prepareForValidation, na Symfony ina tukio linaloitwa PRE_SUBMIT. Hakuna mtengenezaji anayeweza kusema hakupewa pa kuiandika.

Mahali hapohapo ndipo pa kusafishia namba za simu. Mtu mmoja ataanza na sifuri, mwingine na 255, mwingine na alama ya kujumlisha, na wengi wataacha nafasi katikati kama wanavyoitaja kwa mdomo. Ondoa nafasi na vistari, ondoa alama ya kujumlisha, sifuri ya mwanzo igeuze kuwa 255, kisha hesabu kama zimebaki tarakimu 12. Kumwambia mama wa Mwaloni kwamba namba yake "ina muundo batili" wakati kompyuta ingeweza kuurekebisha muundo huo kufumba na kufumbua ni kumtuma mgeni kisimani ilhali mtungi umejaa.

Namba ya kitambulisho cha taifa ina kisa chake, na nitakaa hapo kidogo kwa sababu hasara yake haionekani siku ileile. Ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kwa kuwa inaitwa namba, mtengenezaji mchanga huichagulia kisanduku cha namba na safu ya namba katika kanzidata. Lakini chombo cha kawaida cha namba kubwa, kile cha biti 64, kinaishia 9,223,372,036,854,775,807, ambazo ni tarakimu 19, na hata kile kisichopokea namba hasi kinaishia 18,446,744,073,709,551,615, kiwango ambacho kinapitwa na namba ya kila mtu aliyezaliwa kuanzia mwaka 1900. Nayo JavaScript, inayofanya kazi ndani ya kivinjari, huanza kukadiria namba kamili ikishapita 9,007,199,254,740,991, hivyo tarakimu za mwisho za kitambulisho hubadilika kimyakimya kabla hata hazijafika kwenye seva. Kitambulisho ni maandishi yaliyoandikwa kwa tarakimu. Hakuna mtu atakayeijumlisha namba ya kitambulisho na nyingine. Kihifadhiwe kama maandishi, na simu iagizwe tu kufungua kibodi ya tarakimu ili kumrahisishia mjazaji. Vivyo hivyo namba ya simu, ambayo ikihifadhiwa kama namba hupoteza sifuri yake ya mwanzo.

Kuhusu lugha nitakuwa mkali zaidi, kwa sababu hapa hakuna ugumu wowote wa kiufundi. Django huja ikiwa na Kiswahili ndani yake. Katika mpangilio wake kuna mstari mmoja unaosema lugha ni Kiingereza cha Marekani, na ukiandika sw mahali pake, sehemu ya ujumbe wake huanza kutoka kwa Kiswahili. Uliobaki mtengenezaji anauandika mwenyewe, kisanduku kwa kisanduku. Laravel ina faili moja la ujumbe wa uhakiki kwa kila lugha, ambalo mtu anayejua Kiswahili anaweza kulitafsiri kwa siku moja na kulitumia katika kazi zake zote zinazofuata. Hata hivyo tafsiri peke yake haitoshi. "Sehemu hii ni lazima" ni Kiswahili, lakini haimsaidii mtu. Ujumbe mzuri humwambia mjazaji afanye nini: "Andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho chako, ritifaa inaruhusiwa." Na uwekwe chini ya kisanduku chenye kosa, si juu ya ukurasa ambako mwenye simu ndogo hauoni mpaka apandishe kidole mara tano.

Ule ukurasa uliorudi mtupu nao una maelezo yake. Kosa linapopatikana, fremuweki hurudisha fomu pamoja na kila kilichoandikwa. Django hufanya hivyo yenyewe, na Laravel hutaka tu neno old liandikwe kwenye kila kisanduku. Mtengenezaji anayeichora fomu yake kwa mkono ili ipendeze, akasahau neno hilo, ndiye anayemfanya mama aandike majina ya wanakikundi kumi mara tatu. Nywila pekee ndiyo isiyopaswa kurudishwa.

Faili zilizoambatishwa ni tatizo halisi, kwa sababu vivinjari, kwa usalama wetu, haviruhusu tovuti kujichagulia faili katika simu ya mtu. Kwa hiyo kosa likitokea kwenye namba ya simu, vyeti vyote vilivyoambatishwa vinapotea na bando lililovipandisha limekwenda nalo. Njia ya kuepuka ni kuigawa fomu katika hatua, kila cheti kikipokelewa na kuhifadhiwa peke yake kabla ya kwenda mbele. Na kabla ya yote mtengenezaji aangalie mipaka ambayo hakuiweka yeye: seva ya Nginx, isipoelekezwa vingine, hukataa chochote kinachozidi megabaiti 1, na PHP hukataa faili linalozidi megabaiti 2, wakati picha ya cheti iliyopigwa kwa simu ya kawaida ya siku hizi huzidi hapo kwa urahisi. Kijana wa steshenari anajua hilo, ndiyo maana ana programu ya kupunguza picha. Mtu aliyeko kisiwani Ukara hana kijana huyo.

Huyo wa Ukara ana taabu nyingine. Kila fomu ya fremuweki hizi hubeba tokeni ya siri, yaani msimbo uliofichwa, inayozuia tovuti nyingine kutuma fomu kwa jina lako, na ulinzi huo ni wa lazima, simwombi mtu yeyote auondoe. Ila katika Laravel, pasipobadilishwa kitu, kikao, yaani muda ambao seva humkumbuka mjazaji, huisha baada ya dakika 120 za kukaa kimya. Mtu amefungua fomu asubuhi, akaambiwa alete barua ya mtendaji wa kijiji, akaenda, akamsubiri mtendaji, akarudi mchana akabonyeza tuma, naye akakutana na ukurasa mweupe wenye namba 419 na maneno mawili ya Kiingereza kwamba ukurasa umekwisha muda wake. Ukurasa huo unaweza kubadilishwa useme Kiswahili na umrudishe kwenye fomu yake ikiwa na alichokijaza. Muda wa kikao nao ni namba moja katika faili la mpangilio.

Kubonyeza mara mbili kwa sababu mtandao ni mzito, hadi maombi yakaingia mara mbili, nitakutaja kwa kupita tu: baada ya kupokea, seva imhamishie mjazaji kwenye ukurasa mwingine, na kanzidata ikatae ombi la pili lenye kitambulisho kilekile. Wote tunalijua hilo. Tunalisahau siku ya mwisho ya mkataba. Na ile orodha ya mikoa inayoiweka Geita kama wilaya ya Mwanza, wakati Geita ni mkoa tangu mwaka 2012, ni ushahidi tu kwamba mtu alinakili faili la zamani akaenda kulala.

Wenzangu watasema wateja hawalipii mambo haya, na hawakosei. Mkataba husema "fomu ya usajili", bei inatajwa, tarehe inatajwa, na siku ya kukabidhi mkurugenzi anajaza jina lake la herufi saba zisizo na alama yoyote, kwa kompyuta ya mezani yenye mtandao wa waya, kila mtu anapiga makofi. Ndiyo maana barua hii nawaandikia zaidi wanaolipa. Kabla ya kutia saini ya kupokea mfumo, mchukueni mtengenezaji wenu asubuhi moja mpaka Mwaloni, au stendi ya Nyegezi, au gatini Nansio, mumpe simu ya bei ndogo mtu ambaye hajawahi kuuona mfumo huo, mumwombe ajaze kwa kitambulisho chake mwenyewe, na ninyi msimame nyuma yake bila kusema neno. Kwa kazi zangu nimeanza kufanya hivyo tangu mwaka juzi. Mara ya kwanza nilirudi nyumbani na kasoro kumi na saba kwenye daftari, na mbili tu kati yake ndizo zilizohitaji ujuzi wowote wa kompyuta kuzirekebisha.

Shangazi hakupata mkopo awamu hii. Majina ya kikundi yalipolinganishwa na vitambulisho, jina lake halikufanana, na mfumo ukakiweka kikundi kizima pembeni. Alipofika ofisini aliambiwa alete kiapo cha mahakamani au cha wakili. Wakili alimtoza shilingi 20,000 kwa karatasi moja inayoeleza kwamba mwenye jina lenye ritifaa na mwenye jina lisilo na ritifaa ni mtu mmoja, na karatasi hiyo nayo inatakiwa ipandishwe kwenye mfumo uleule, isizidi megabaiti 1.

Mtengeneza fomu,
Kirumba, Mwanza.